Ira Gershwin: aliwekaje maneno kwenye tuni iliyokwisha kutungwa?

fundi_vina

Wakuu, heshima kwenu.

Nina swali la ufundi kuhusu Ira Gershwin (1896–1983), kaka yake George, yule mtunzi wa muziki; Ira ndiye aliyetunga maneno ya nyimbo za majukwaa ya Broadway na baadaye za filamu. Sisi tuliofunzwa ushairi wa nane kwa nane tukiyasoma maneno yake karatasini tunachanganyikiwa. "I Got Rhythm" ya 1930 ina mistari ya silabi 4, 4, 4, kisha ghafla 8, na vina karibu hakuna. Huyu huyu ndiye anayesifiwa kwa vina! Ukienda kwenye "'S Wonderful" ya 1927 vina vimejaa mpaka maneno yamekatwa mikia.

Naomba kueleweshwa: maneno yalitangulia au muziki? Kwa nini hapa aliviacha vina na pale akavimwaga? Mtu akitaka kuziimba nyimbo hizi kwa Kiswahili kwenye tuni ileile, kazi inakwama wapi hasa? Na la mwisho, maneno ya "Summertime" ni yake au si yake? Kila ninaposoma wanampa yeye.

mpima_noti

Muziki ulitangulia, karibu kila mara alipofanya kazi na George. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka.

Mshairi wetu huchagua bahari, akaamua mizani, kisha akalijaza umbo. Ira hakuwa na uchaguzi huo. Mizani ilitoka kwenye piano ya mdogo wake, nayo ilipanda na kushuka kufuata mdundo. Kazi iliyobaki ilikuwa kupachika silabi kwenye noti moja moja, kama mtu anayepanga vigae vidogo juu ya mchoro ambao hauruhusiwi kubadilishwa. Wenzake walimpa jina la Sonara, na lilimfaa: alikuwa mzito wa kumaliza, akirudia mstari mmoja usiku kucha.

Kabla ya kuhesabu silabi, lijue umbo. Wimbo wa Tin Pan Alley, yaani ule mtaa wa wachapishaji wa muziki wa New York, huwa na utangulizi unaoimbwa nusu kama maongezi, halafu wimbo wenyewe wa vipimo 32 (kipimo ni kikundi kimoja cha mapigo). Hivyo 32 hugawanywa mafungu manne ya vipimo 8: A, A, B, A. Mafungu ya A yana tuni moja na maneno tofauti. B ni daraja, tuni inahamia kwingine kisha inarudi. Wao wakisema "korasi" wanamaanisha vipimo vyote 32. Msiifananishe na kiitikio chetu kinachorudi baada ya kila ubeti, mtapotea.

Sasa "I Got Rhythm". Kila fungu la A linaanza na noti 4 zinazopanda, 4 zinazoshuka, 4 zinazopanda tena, nyingi zikiwa zimesogezwa zisiangukie juu ya pigo, halafu mstari mrefu wa noti 8. Kwa jumla Ira alikuwa na silabi 73 tu za kujaza. Alizihangaikia zaidi ya wiki 2. Kwanza alijaribu njia ambayo kila mtunzi angeifuata: mistari mitatu mifupi ifungwe kwa kina kimoja cha silabi mbili, ule mrefu uachwe. Vina vilikaa sawasawa. Tatizo ni kwamba wimbo uligeuka kitu cha kuchezea watoto. Tuni ile ina kifua na mabega. Ukiipa vina kila baada ya noti 4 inaanza kurukaruka. Ndipo alipoamua kuviacha. Ukitazama kilichobaki, vina viko ndani ya daraja, na neno la mwisho la daraja linafungwa na neno la mwisho la ule mstari mrefu. Kwingine mistari inasimama kwa uzito wake yenyewe.

Tazama pia jina la wimbo. Desturi ya soko ilikuwa kuchukua mstari unaorudiwa zaidi uwe jina, na hapa unaorudiwa ni ule mrefu: umo mara 4. Ira akachukua wa kwanza. Na akaandika "I got" kama mtu wa mtaani anavyosema, bila kuinyoosha sarufi, kwa sababu sarufi iliyonyooshwa ingeilegeza noti ya pili.

Onyo kwa wanaojifunza kwa kusikiliza: wimbo huu una vipimo 34, maana fungu la mwisho limeongezewa 2. Wapiga jazi walioazima mpangilio wa kodi zake (noti zinazopigwa kwa pamoja) kwa tuni zao huviacha hivyo 2 ili mzunguko uwe 32 kamili. Ukichukua rekodi ya jazi ya ala tupu kama msingi wa kuimbia maneno ya Ira, utafika mwisho na maneno yamebaki mkononi.

Kwa "'S Wonderful" hesabu ni nyingine. Mstari wa kwanza una noti 3 tu. Kiingereza cha kawaida kingehitaji silabi 4, kwa hiyo "it's" ikanyolewa ikabaki sauti ya "s" peke yake, ikagandishwa kwenye neno linalofuata. Akaona sauti hiyo ya kuzomea ni mali, akaijengea wimbo mzima. Ndipo katika utangulizi akakata mikia pia: fash, pash, emosh, devosh, badala ya fashion, passion, emotion na devotion. Kwa hiyo kukata si ubahili wa vina, ni tabia moja inayofuatwa kuanzia utangulizi hadi mwisho. Waimbaji wengi huharibu hapa. Huirudisha "it's" kamili, wakaongeza noti isiyokuwapo kabla ya pigo, na wazo lote la wimbo likafa. Ira mwenyewe lilimuudhi jambo hili, na alikuwa na haki.

Kuhusu mkazo, mfano mzuri zaidi ni "Fascinating Rhythm" ya 1924, kutoka "Lady, Be Good!", onyesho la Fred na Adele Astaire. Ndugu hawa walibishana siku kadhaa juu ya mwisho wa mstari wa 4 na wa 8. Ira aliona mstari uishie kwenye silabi yenye mkazo. George akakataa: mkono wa kiongozi wa okestra ukishuka, mkazo unaangukia noti ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho inabaki nyepesi. Ira akakubali, ndiyo maana mistari hiyo inaishia "a-quiver" na "flivver". Silabi moja tu, lakini ndiyo iliyoshikilia wimbo.

Na sasa mbinu ambayo mtu yeyote anaweza kuiiga: maneno ya muda. Ira akishapewa tuni aliandika mstari wowote usio na maana ili ashike mikazo, asije akasahau mdundo akiwa mbali na piano. Tuni ya "It Ain't Necessarily So" ya 1935, kutoka opera ya "Porgy and Bess", ilitaka silabi 8 zenye mkazo kwenye ya 2, ya 5 na ya 8. Mstari huo wenyewe aliuandika kama wa muda. Anasema angeweza vilevile kuandika oda ya nyama ya nguruwe na mayai, au kwamba kesho ni Julai 4, maana vyote vina mikazo ileile kwa Kiingereza. Siku kadhaa baadaye akagundua kwamba mstari wa muda ulikuwa umeshasema alichokitafuta: mwuza unga (dawa za kulevya) wa mtaani anayewaambia waumini kwamba yaliyoandikwa si lazima yawe hivyo. Akaubakiza.

BintiLahani

Nichukue hapo kwenye 2, 5, 8, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapoingia.

Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu daima. Kiingereza kina maelfu ya maneno ya silabi moja, kwa hiyo mstari unaweza kuishia kwa mkazo bila shida. Kwetu ni nadra. Tuni ikifunga kwa noti moja ndefu yenye nguvu, neno letu litaiweka silabi yake dhaifu juu ya noti hiyo, na msikilizaji atasikia "mpenZI" badala ya "mPEnzi". Wanaoimba nyimbo za kanisani zilizotafsiriwa kutoka Ulaya wanaijua hali hii vizuri. Maneno ni sahihi, noti ni sahihi, na bado sikio linakataa.

Dawa ni kuivunja noti ya mwisho mara mbili. Silabi ya mkazo ikae kwenye noti yenyewe, ishikwe, halafu ile dhaifu idondoke mwishoni kwenye kipande kifupi, sauti ileile bila kupanda wala kushuka. Ukifanya hivyo mstari wa silabi 8 unakuwa wa 9. Sasa angalieni: mkazo kwenye 2, 5 na 8 katika silabi 9 ni maneno matatu ya Kiswahili yenye silabi tatu tatu. Hakuna umbo jepesi zaidi kwetu. Maneno ya muda yanajiandika: "samaki mezani tayari". Sa-MA-ki, me-ZA-ni, ta-YA-ri. Na maneno yenye maana nayo yapo: "huenda si kweli kabisa". Hu-E-nda, si-KWE-li, ka-BI-sa. Nadhani hata wazo la yule mwuza unga limebaki, maana "huenda" na "kabisa" zinafanya kazi ya ujanja uleule: hakani, anatia shaka tu.

Kwa hiyo ugumu unatofautiana wimbo hadi wimbo. Kabla ya kuanza, usihesabu silabi kwanza. Tazama mwisho wa kila mstari kwenye karatasi ya noti. Ikiwa mistari mingi inaishia kwa noti nyepesi, kama "Fascinating Rhythm" pale George aliposhinda ubishi, Kiswahili kitaingia chenyewe. Ikiwa inaishia kwa noti nzito, kama "The Man I Love", jiandae kuvunja noti kila mara, na baada ya mara ya sita inachosha.

"The Man I Love" ina shida ya pili. Jina lake ni silabi 4, na kila silabi ni neno kamili. "Nimpendaye" peke yake ni 5: ni-m-pe-nda-ye. Kiswahili hubana maana ndani ya kitenzi lakini hakibani silabi. Anayetafsiri mstari kwa mstari atajikuta amepata theluthi mbili tu ya maana na pumzi imekwisha. Shika jambo moja linalosemwa na kila fungu la A, ulitunge upya kwa mizani ya noti. Fungu la kwanza: siku moja atakuja. La pili: atatabasamu, nami nitaelewa. Daraja: labda siku fulani. La mwisho: tutajenga nyumba yetu. Ukiyashika hayo manne, vitu vidogovidogo unaweza kuviacha.

Tunachokizidi Kiingereza ni irabu. Silabi zetu zinaishia wazi, noti ndefu hazifungwi na konsonanti, mwimbaji anapumua. Ila jihadharini na "m" na "n" zinazosimama kama silabi, mfano "mtu" na "nchi". Katika mizani ya ushairi zinahesabiwa moja kamili, lakini kwenye noti ndefu hazina cha kushika. Ziweke kwenye noti fupi tu.

Kuna wimbo mmoja wa Ira ambao hautafsiriki kabisa, nao unaweza kupata mwenzake kwa Kiswahili. "Let's Call the Whole Thing Off" ya 1937 wote umejengwa juu ya wapenzi wawili wanaotamka maneno yaleyale kwa namna mbili. Tafsiri ya kamusi haina kitu hapo. Lakini sisi tuna Kimvita na Kiunguja: ndia na njia, nti na nchi, mtele na mchele, mato na macho. Mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja. Jozi hizo zinafanya kazi ileile kwa sababu msikilizaji wa pwani anamjua mtu kwa jozi hizo hizo. Ni lazima ziandikwe kama zinavyotamkwa. Mwimbaji akisawazisha matamshi, wimbo umekufa.

kasha_la_noti

Nijibu la "Summertime", na nimrekebishe mpima_noti kidogo kwa heshima.

Maneno ya "Summertime" ni ya DuBose Heyward, mwandishi wa South Carolina aliyeandika riwaya ya "Porgy" na matini ya opera iliyotokana nayo. Yeye aliandika maneno kwanza, akayatuma kwa posta, George akayatilia muziki. Hapo utaratibu ule wa muziki kutangulia uligeuka. Jina la Ira huonekana kwa sababu kazi zote za "Porgy and Bess" hutajwa kwa pamoja, na wachapishaji na kampuni za rekodi hunakiliana.

Kwa kifupi, katika opera hiyo (Boston Septemba 1935, kisha Alvin Theatre, New York, tarehe 10 Oktoba, maonyesho 124) mgawanyo uko hivi. Za Heyward peke yake: "Summertime", "A Woman Is a Sometime Thing", "My Man's Gone Now". Za Ira peke yake: "It Ain't Necessarily So" na "There's a Boat Dat's Leavin' Soon for New York". Za pamoja: "Bess, You Is My Woman Now" na "I Got Plenty o' Nuttin'".

Hiyo ya mwisho inafundisha sana. George alikuwa na tuni tayari. Ira akatoa jina. Heyward, ambaye hakuwa amezoea kuandika juu ya tuni iliyopo, akaomba kujaribu, akaondoka na karatasi ya noti kwenda Charleston. Aliporudisha, mawazo yalikuwa mazuri, mistari kadhaa haikukaa mdomoni. Ira akaipiga msasa ikaimbika. Huyu alikuwa mshairi hasa, mwenye vitabu, na bado kazi ya kutia maneno kwenye noti ilimhitaji mtu mwingine. Kwa mtu anayeona utunzi wa maneno ya nyimbo ni ushairi mwepesi, huo ndio ushahidi.

Kuhusu matini ya kutumia: msichukue maneno kwenye kurasa za nyimbo za intaneti, yamenakiliwa kwa kusikia na mengi hayana utangulizi. Mwaka 1959 Ira alitoa kitabu chake "Lyrics on Several Occasions", ambamo ameyapanga maneno yake mwenyewe na kueleza kila wimbo ulivyopatikana. Habari za silabi 73 na mikazo ya 2, 5, 8 ziko humo. Ya jumla yako katika mkusanyo uliohaririwa na Robert Kimball mwaka 1993. Kwa kusikiliza, mkusanyo wa Ella Fitzgerald wa mwaka huohuo wa 1959, santuri 5, chini ya mpangaji Nelson Riddle. Anatamka kila silabi, na hupati kazi ya kubahatisha.

Haki: Marekani kazi iliyochapishwa kabla ya 1978, kama hizi, hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, ikawa huru Januari mosi inayofuata. "'S Wonderful" ya 1927 imeshakuwa huru huko, na za 1930 ni huru kuanzia tarehe 1 Januari 2026, ikiwemo "I Got Rhythm". Lakini hiyo ni Marekani. Kenya sheria inahesabu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi, na palipo na waandishi wawili huhesabiwa yule aliyefariki mwisho. Ira alifariki Agosti 1983, kwa hiyo ni hadi mwisho wa 2033. Uingereza ni miaka 70 baada ya kifo. Kutafsiri kwa ajili ya darasa na kurekodi tafsiri ili uiuze ni vitu viwili; cha pili kinataka ruhusa ya mchapishaji kabla hujaingia studio. Na rekodi ina haki zake mbali na wimbo.

fundi_vina

Nashukuru sana, na hasa kwa "huenda si kweli kabisa". Nimejaribu A ya kwanza ya "I Got Rhythm":

Nina mdundo
Nina muziki
Nina mpenzi
Nitake nini zaidi

Inakwama. Mistari mitatu ya kwanza inazidi, na wa nne una silabi 8 sawasawa lakini unalia vibaya mwishoni. Kosa ni lipi?

BintiLahani

Ya kwanza tatu zote ni 5. Ni-na-m-du-ndo: hiyo "m" ndiyo inayokula noti. Mu-zi-ki ni silabi 3 na hapo unazo 2. "Mpenzi" tena ina "m". Unahitaji neno la silabi 2 baada ya "nina", mkazo uangukie noti ya 3, maana ndipo Kiingereza nacho kimeweka mkazo wa "rhythm". Basi:

Nina ngoma
Nina nyimbo
Nina wangu
Nini tena nitake mie

Ni-na-NGO-ma, ni-na-NYI-mbo, ni-na-WA-ngu. Noti ya 4 ndiyo ndefu, nayo inapata irabu wazi. Katika mstari wa tatu Kiingereza kinaiweka nguvu kwenye noti ya 4, sisi tunaiacha ya 3. Tuni inavumilia kwa sababu noti zote 4 zina uzito karibu sawa. "Wangu" bila nomino inatosha. Kila mtu anaelewa ni nani.

Mstari mrefu wako: "zaidi" mkazo wake uko kwenye "i" ya kati, za-I-di, wakati noti ya 8 ndiyo nzito, kwa hiyo ukaimba "zaiDI". "Nini tena nitake mie" ni silabi 9: "mi" inakaa noti ya 8, "e" inadondoka kwenye kipande ulichokivunja. Mkazo wa 1 na wa 3 unaangukia mahali pake. "Nitake" inateleza kidogo, mkazo wake uko silabi ya 6 badala ya 5, lakini noti za 5, 6 na 7 ni za haraka na hazitasikika sana. Ukipata neno bora la silabi 3 lenye mkazo mwanzoni niambie, ila katika Kiswahili ni adimu sana. Utalazimika kuunganisha maneno mawili.

Na usitafute vina katika mistari mitatu mifupi. Ngoma, nyimbo, wangu: viache vitofautiane. Ukivifunga utarudi kwenye kosa lilelile lililomchukua Ira wiki 2 kulitambua. Tunza kina kimoja tu, cha mwisho wa daraja na "mie".

mpima_noti

Nakubali marekebisho ya kasha_la_noti. Naongeza mawili kuhusu mwendo, kisha habari za baada ya George, kwa sababu maneno ya Ira hayaeleweki bila kasi ya tuni.

"Someone to Watch Over Me" ya 1926 ilizaliwa kama tuni ya haraka ya kuchezea. George alipoipiga polepole siku moja, wote wawili wakasikia kitu kingine kabisa, wimbo wa mtu mpweke. Maneno yakaandikwa kwa mwendo huo mpya. Ira alikuwa ametoka kulazwa wiki kadhaa kwa upasuaji wa kidole tumbo, na mtunzi mwenzake wa maneno, Howard Dietz, alimsaidia kazi hiyo, jina la wimbo likiwemo. Somo la kiufundi: noti zilezile 8 zikiimbwa haraka zinataka konsonanti nyepesi na maneno ya kawaida, zikiimbwa polepole kila irabu inasikika uchi. Usiandike neno kabla ya kukubaliana mwendo.

"The Man I Love" nayo ilitupwa mara tatu. Ilikuwamo "Lady, Be Good!" ya 1924, Adele Astaire akaiimba kwenye majaribio ya Philadelphia, ikaondolewa. Ikaingizwa "Strike Up the Band" ya 1927, onyesho likafungwa kabla ya kufika New York. Ikafikiriwa kwa "Rosalie", ikaachwa. Sababu ni ya jukwaani: tuni yake inarudia kifungu kimoja kifupi polepole, mwimbaji hana la kutenda, onyesho linasimama. Wimbo unaofaa chumbani au redioni si lazima ufae jukwaani. Ilipochapishwa peke yake ndipo ilipoenea.

George alifariki kwa uvimbe wa ubongo tarehe 11 Julai 1937, akiwa na miaka 38. "Love Is Here to Stay" ndiyo tuni yao ya mwisho, nayo Ira aliikamilisha kwa msaada wa mtunzi wa muziki Vernon Duke aliyekumbuka sehemu za muziki. Anayeuimba kama wimbo wa mapenzi hakosei, lakini maneno yale ya milima kubomoka na kitu kimoja kubaki yaliandikwa na mtu aliyetoka kuzika. Kasi isizidi.

Baada ya hapo Ira alibadilisha washirika wa kumtungia muziki, na kila mmoja alimpa mizani ya aina yake. Kwa Kurt Weill, "Lady in the Dark" ya 1941, kuna "Tschaikowsky", orodha ya majina karibu 50 ya watunzi wa Urusi ambayo mwigizaji Danny Kaye aliyamaliza kwa sekunde zisizofika 40. Mzizi wake ni shairi la kuchekesha alilolichapisha jaridani mwaka 1924 kwa jina la bandia Arthur Francis, lililotokana na majina ya ndugu zao wengine wawili. Kwa Jerome Kern, tuni ndefu zenye pumzi: "Long Ago (and Far Away)", 1944. Kwa Harold Arlen, "The Man That Got Away", 1954.

Hii ya Arlen someni kwa makini mkitaka kujua kazi ya maneno inaongeza nini. Tuni ile ilikuwa imeshapewa maneno mengine na Johnny Mercer miaka ya nyuma, hayakutumika. Ira alipoichukua hakubadilisha noti. Akaleta jina linalotokana na usemi wa wavuvi wa Marekani kuhusu samaki aliyeponyoka, ndiyo maana ni "that". Wapo wanaolisahihisha wakaimba "who", kwa sababu sarufi ya shule inataka hivyo kwa mtu. Wakifanya hivyo mvuvi anatoweka ndani ya wimbo. Katika Kiswahili "aliyeponyoka" inabeba samaki na mtu kwa pamoja, lakini ni silabi 6, a-li-ye-po-nyo-ka, na mkazo kwenye "nyo". Jina la Kiingereza nalo ni silabi 6, ila linafunga kwa mkazo. BintiLahani, ukivunja noti ya mwisho hapo unabakiwa na nafasi ya silabi moja zaidi mwanzoni.